Trekta, mguu wa bodaboda na "haipo": nilivyoacha kukariri Kiingereza nikaanza kukipasua

Tabibu Mdogo
Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi siku nyingi. Leo nipo zamu ya usiku na wodi imetulia, ngoja niuandike kabla sijaitwa.

Mimi ni zao la shule ya kata. Darasa la kwanza mpaka la saba Kiswahili, halafu kidato cha kwanza unaamka asubuhi kila somo ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Nikakariri. Baiolojia niliikariri kama mtu anavyokariri namba za simu za watu asiowajua. Nikafaulu kwa kudra, nikaingia chuo cha utabibu, na huko kukariri kukanishinda, maana maneno hayaishi. Leo umemeza hamsini, kesho yanakuja themanini.

Wiki yangu ya kwanza ya mazoezi nilipangiwa wodi ya mifupa. Kulikuwa na kijana wa bodaboda, paja limevunjika. Mguu umeinuliwa, kamba imefungwa chini ya goti, inapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na huko mwisho wa kamba kumening'inia dumu la maji. Daktari akafika na kundi lake, akaninyooshea kidole: huyu mgonjwa amewekwa kwenye nini? Asubuhi nilisikia manesi wakisema "traction", lakini kichwani likaniponyoka. Nikajibu kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Tractor."

Wodi ilicheka mpaka mgonjwa mwenyewe akashika paja kwa maumivu. Wiki mbili nzima nikawa naitwa Trekta.

Hasira ndiyo iliyonipeleka maktaba. Nikakuta kamusi nene, ile inayoonyesha neno limetoka wapi. Kumbe kuna kitenzi cha Kilatini "trahere", maana yake kuvuta, na kilichovutwa ni "tractus". Trekta ni kivutaji. "Traction" ni uvutaji: lile dumu linavuta mfupa urudi kwenye mstari wake. Nikabaki palepale kwenye kiti. "Attract", kuvuta kuja kwako. "Extract", kuvuta nje, kama jino. "Subtract", kuvuta kutoka chini, yaani kutoa. "Distract", kuvuta pembeni. "Contract", kuvuta pamoja, ndivyo msuli unavyofanya ukijikunja, na ndivyo watu wawili wanavyofanya wakitia saini. Mzizi mmoja, maneno zaidi ya matano, na sikukariri hata moja.

Kwa hiyo wodini sikukosea neno. Nilikosea mkia wake tu.

Naendelea, msiweke kambi mbali.

Kijiti cha Mbio
Nimeweka kiti mbele kabisa. Trekta, endelea 😂

Mama Faraja
Mkuu, hii nimeisubiri. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, kila jioni analia na kitabu cha baiolojia. Ila isije ikawa orodha ya maneno mia mbili ya Kigiriki, maana hapo utakuwa umemuongezea lugha ya tatu.

Tabibu Mdogo
Dada Mama Faraja, umegusa penyewe. Zile orodha za "mizizi 200 unayopaswa kujua" nilizipakua na mimi. Ni kaburi. Nilifika wa kumi na tano nikalala.

Kilichonisaidia ni kugundua kwamba kazi hii binti yako anaifanya kila siku bila kujua. Mwambie avunje neno "hawatanisomeshea". Ha-wa-ta-ni-som-esh-e-a. Vipande vinane, na kila kipande kina kazi yake. Hakuna mtoto wa Kitanzania aliyewahi kulikariri neno hilo, lakini ukimwambia "hawatanisomeshea mwanangu" anakuelewa papo hapo. Mzizi ni som. Ukiujua, una soma, somo, msomi, usomaji, somesha. Maneno makubwa ya Kiingereza yamefungwa namna hiyohiyo: kipande cha mbele, mzizi katikati, mkia.

Sasa mpe neno "photosynthesis". Shule ya msingi aliliitaje? Usanisinuru. Waliotunga neno hilo walikaa na neno la Kigiriki, wakalipasua katikati, wakaleta kila nusu nyumbani: "photo" ni nuru, "synthesis" ni usanisi, kuweka vitu pamoja. Kipimajoto nacho ni hivyohivyo: "thermo" joto, "meter" kipimo. Darubini tuliichukua kutoka Kiajemi, "dur" mbali na "bin" kuona, na "telescope" kwa Kigiriki ni "tele" mbali na "skopein" kutazama. Mataifa mawili yakakitazama kifaa kimoja, na sisi tukachukua la Waajemi.

Kwa hiyo binti asianze na orodha. Aanze na maneno ambayo tayari yamemliza.

Marashi ya Karafuu
Assalaam alaykum. Sisi tuliopita madrasa mambo haya tuliyaonja mapema. Hukumu, hakimu, mahakama, hekima: zote ni h-k-m. Kitabu, katibu, maktaba, katiba: k-t-b. Ustadh alikuwa akitupa herufi tatu tunatafuta ukoo wake.

Ila niweke sawa jambo moja kaka. Kiarabu mzizi wake ni konsonanti, irabu zinabadilika ndani kwa ndani. Kigiriki na Kilatini ni shanga, unatunga kipande baada ya kipande. Kwa hiyo mfano wako wa "hawatanisomeshea" ndio wa karibu, si hakimu na mahakama.

Tabibu Mdogo
Wa alaykum salaam. Marekebisho yamepokelewa, na "shanga" naiiba.

Na zipo shanga zinazobadilika sura zikigusana. Hili ndilo lililonifungua macho kuliko yote. Kilatini kina "in-" ya kukanusha. Lakini mbona tunasema "impossible" na si "inpossible"? Mbona "illegal", mbona "irregular"? Mwalimu wangu wa sekondari alisema ni sheria, kariri.

Jaribu kinywani mwako. Nyumba nzuri, nyumba ndogo, halafu nyumba mbovu. Kwa nini si nbovu? Kwa sababu midomo inapojiandaa kufunga kwa ajili ya b, ile n inageuka m yenyewe. Na urefu wa nyumba je? Ndefu. Pale n ndiyo imekaa, r ndiyo imekimbia ikaja d. Waroma na sisi tuna midomo ya aina moja.

Ukilijua hilo, tahajia nayo inapona. Wengi tunateseka: "attract" ina t ngapi, "affect" ina f ngapi, "accept" je? Zote mwanzo zilikuwa "ad-", kuelekea. D ikakutana na t ikageuka t, ikakutana na f ikageuka f, na mbele ya c ikawa c. Herufi ya pili pale ni kaburi la ile d.

Rungu la Posta
Sawa, lakini mimi napinga. Nimejifunza Kiingereza kwa kusoma magazeti na kutazama sinema, sijawahi kujua Mgiriki ni nani. Mnawapotezea watoto muda. Mtu asome tu, maneno yatakuja.

Tabibu Mdogo
Mkuu Rungu, nusu ya maneno yako naikubali, na ushahidi ninao wa aibu. Alikuja daktari wa kujitolea kutoka Uingereza. Asubuhi moja akaniambia "I think I'm coming down with something." Nikasikia kushuka, nikageuka kutazama ngazi. Jengo lenyewe ni la chini, halina ngazi. Kumbe anasema anahisi anaanza kuumwa. Mizizi yangu sitini ya daftarini haikunisaidia kitu.

Kiingereza kina ghorofa mbili. Chini ni maneno ya nyumbani, ya ukoo mmoja na Kijerumani: kula, kunywa, maji, mama, njoo, shuka. Haya yanaungana na vipande vidogo kama "up" na "off" na "over", na hayana njia ya mkato. Ni kusikia na kusoma, kama ulivyofanya wewe. Ghorofa ya juu ni ya shule, mahakama, kanisa na hospitali. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, na wasomi nao wakaendelea kuchota Kilatini na Kigiriki kwa karne nyingi. Hata mwanasayansi Newton, Mwingereza kabisa, mwaka 1687 kazi yake kubwa aliitoa kwa Kilatini.

Mtoto wa kidato cha kwanza anatupwa ghorofa ya juu moja kwa moja, tena bila kupita ya chini. Huko juu ndiko mizizi inakofanya kazi. Ukitaka kumtongoza Mzungu, fuata ushauri wa Rungu.

Rungu la Posta
Hiyo ya ngazi imenimaliza. Nimetulia, endelea.

Kijiti cha Mbio
Mkuu, kichwa cha uzi kimesema "haipo". Haipo nini?

Tabibu Mdogo
Nilikuwa naikwepa hiyo, lakini haya.

Kigiriki kina "hyper", juu kupita kiasi, na "hypo", chini. Kwa maandishi hazifanani sana. Kwa sauti, kwenye simu ya wodi yenye mikwaruzo, saa tisa usiku, zinafanana kama mapacha. Sista wa zamu alinipigia kuhusu bibi mmoja mwenye kisukari: amechanganyikiwa, anatoka jasho, kisha akataja neno. Mimi nikasikia "hyper". Sukari iko juu. Nikaanza kutembea huku nafikiria insulini, dawa ya kushusha sukari.

Wenye elimu ya afya mmeshashtuka. Kama sukari iko chini na mtu akapewa insulini, bibi haamki tena.

Njiani neno likanirudia kichwani kama lilivyotamkwa, kwa mdomo wa Kitanzania: haipo-glaisemia. Haipo. Sukari haipo! Nikaongeza mwendo. Kipimo kikasoma 2.1. Tukampa glukosi, na baada ya muda mfupi akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. (Na kipimo ningepima kwa vyovyote, ndio utaratibu, msiniandikie barua. Lakini miguu yangu ilikuwa inakwenda upande usio.)

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi anayekuja chini yangu namwambia: "hypo" ni haipo, haitoshi. Presha haipo ya kutosha, "hypotension". Joto halipo la kutosha, "hypothermia". Na neno lenyewe lote ukilipasua ni hypo, chini, glyk, tamu, na haima, damu. Damu yenye utamu uliopungua. Hiyo "emia" ya mwisho ni damu ileile utakayoikuta kwenye "anaemia", ambapo "an-" ni kutokuwa na.

Marashi ya Karafuu
Na "super" na "sub" je? Mbona nazo zina maana hizohizo?

Tabibu Mdogo
Umeona mbali. Hizo ni za Kilatini, na Kilatini na Kigiriki ni ndugu. Mahali pengi Kilatini kilipobaki na s mwanzoni, Kigiriki kiliilainisha ikawa h. Super na hyper. Sub na hypo. Semi na hemi, nusu. Septem na hepta, saba. Sex na hex, sita. Ukiona h huku, chungulia kama kuna s kule.

Ndiyo maana hospitalini kiungo kimoja kina majina matatu. Figo ni "kidney" kwa Kiingereza cha nyumbani, "renal" ikitajwa kwa Kilatini, na ikivimba ni "nephritis" kwa Kigiriki. Mapafu ni "pulmonary" kwa Kilatini na "pneumonia" kwa Kigiriki. Utabibu wa kale ulikuwa wa Wagiriki. Hata Galen, aliyewatibu wakubwa wa Roma, aliandika Kigiriki. Baadaye vyuo vya Ulaya vikafundisha kwa Kilatini. Lugha zote mbili zikabaki wodini, hakuna aliyekubali kutoka.

Ngiri Mpole
Wakuu, mimi ni mwongoza watalii, Ngorongoro na Serengeti. Niruhusuni nichangie, maana majina ya kisayansi ndiyo mkate wangu.

Faru mweusi anaitwa *Diceros bicornis*. Miaka yote nalitaja, wageni wanaitikia kwa vichwa. Siku moja mzee mmoja wa Kijerumani akacheka, akaniambia kijana, unajua umesema nini? "Di" ni mbili kwa Kigiriki na "keras" ni pembe. "Bi" ni mbili kwa Kilatini na "cornu" ni pembe. Yaani faru wetu anaitwa Pembe-mbili Pembe-mbili. Na "rhinoceros" ni pua na pembe. Kiboko, "hippopotamus", ni farasi wa mtoni. Aliyelitunga hakuwahi kukimbizwa naye.

Ila ninalolipenda ni la Olduvai. Mwaka 1959 Mary Leakey alipopata lile fuvu maarufu, walilipa jina *Zinjanthropus boisei*. "Anthropos" ni mtu kwa Kigiriki. Na Zinj? Ndilo jina la kale ambalo Waarabu waliliita pwani yetu, lilelile lililomo ndani ya Zanzibar. Mtu wa Zinj. Baadaye wataalamu wakamhamishia *Paranthropus*, "para" ni kando, mtu wa pembeni. Mimi binafsi sikufurahi.

Tabibu Mdogo
Ngiri, Pembe-mbili Pembe-mbili naiandika daftarini leo hii.

Na kwetu pia tumewapa: "chikungunya", ugonjwa uliotambuliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1952, ni neno la Kimakonde, linahusu mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Siku hizi profesa wa Paris analitamka.

Mama Faraja
Nimekaa na binti jana usiku. Tumepasua "herbivore", "carnivore", "omnivore". Majani, nyama, vyote, na "vore" anayekula. Akaniuliza mwenyewe, mama, "insectivore"? Nikamwambia mwanangu sijui, jibu unalo. Akacheka.

Lakini leo karudi na "pedestrian" na "pediatrician". Anasema daktari wa miguu. Nimwambieje?

Tabibu Mdogo
Mwambie amenaswa na mtego mkongwe, na hongera kwa kunaswa, maana mtu asiyepasua hanaswi. Ped ya Kilatini ni mguu: "pedestrian", "pedal". Ped ya Kigiriki ni mtoto, na Waingereza huiandika "paed", wao wamebakiza ile a. Wamarekani wameitupa, ndiyo ikaleta fujo.

Mitego ipo. Ule wa hatari ni "inflammable". Nilisema "in-" ni kukanusha, sivyo? Kwa hiyo mtu anasoma nyuma ya lori la mafuta, anasema ahaa, haliwaki, anawasha sigara. Ile "in" si ya kukanusha, ni ya ndani: kinachoweza kuingia kwenye ndimi za moto. "Inflammable" na "flammable" ni kitu kimoja, na siku hizi watu wa usalama wanapendelea ile fupi kwa sababu hiyohiyo.

Na wakati mwingine mzizi unasema kweli kuhusu aliyelitunga neno, si kuhusu kitu. "Oxygen" ni kizaa-asidi. Mkemia Lavoisier aliamini kila asidi ina oksijeni ndani yake. Alikosea, ipo asidi ya hidrokloriki ambayo haina hata chembe. Lakini jina lilishasajiliwa. "Atom" nayo: "a" bila, "tomos" kukata, kisichokatika. Kikaja kukatika. Tom hiyohiyo ndiyo tunayoitumia theatre, chumba cha upasuaji, kila siku: "anatomy", na "appendectomy", kukata kidole tumbo na kukitoa nje.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja. Mzizi unakupa kubahatisha kwa akili. Kamusi inathibitisha. Usiruke ya pili.

Kijiti cha Mbio
Daftari lako unalipangaje mkuu? Piga picha basi.

Tabibu Mdogo
Picha hapana, mwandiko wangu ni wa kitabibu. Daftari la kawaida la kurasa 96. Mzizi mmoja, ukurasa mmoja. Lakini mzizi hauingii mpaka nikutane na maneno matatu yanayoubeba, niliyoyakuta mwenyewe: kitabuni, kwenye chupa ya dawa, kwenye ubao wa tangazo. Neno la kwanza naliandika nyuma ya daftari kwa penseli. La pili likija, najua kuna ukoo. La tatu, nafungua ukurasa na kalamu. Nimefika kama sitini kwa miaka miwili. Haiendi mbio.

Dogo wa Mufindi
Nimesoma uzi wote kwenye daladala. Nimefika nyumbani nikachukua karatasi ya ndani ya boksi la panadol nijipime. Imeandikwa "analgesic and antipyretic". Nikasema "an" ni bila kama kwenye anaemia. "Algesic" sijui. "Anti" ni dhidi. "Pyretic" sijui. Nimepata nusu?

Tabibu Mdogo
Umepata zaidi ya nusu. "Alg" ni maumivu, kwa hiyo bila maumivu. "Pyretos" ni homa, inatoka kwa "pyr", moto. Dhidi ya homa.

Wewe ni wa Mufindi, huko si mnalima pareto?

Dogo wa Mufindi
Baba analima ekari mbili. Kwani vipi?

Tabibu Mdogo
Pareto ni "pyrethrum". Wataalamu hulihusisha na "pyr" hiyohiyo, moto. Shika penseli, tayari unayo mawili. La tatu likija, fungua ukurasa.

Dogo wa Mufindi
Ngoja kwanza nimpigie mzee.

Tabibu Mdogo
Nimeitwa wodi ya wazazi. Nikirudi tutafungua "-itis". Kijiti, nishikie kiti.